Maswali ya Wasomaji: Krioli ni Mtu au ni Lugha?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba lugha ya Mauritius na ya Shelisheli huitwa Krioli, kisha nikakuta jina hilo hilo likitumiwa kwa watu wa Louisiana, Marekani. Kaka yangu naye anashikilia kwamba Kiswahili chetu cha Ujiji, kwa kuwa kililetwa na misafara na kupokewa na watu wa makabila mengi, ni Krioli pia. Neno hili lilitoka wapi, na lina maana gani hasa?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, neno hili lilitaja watu kwanza, lugha baadaye. Mzizi wake ni kitenzi cha Kireno criar, yaani kulea au kukuza, kilichozaa jina crioulo. Wahispania wakasema criollo, na Wafaransa créole. Katika makoloni ya Amerika aliitwa hivyo mtu aliyezaliwa na kukulia huko huko, ilhali asili ya wazazi wake ni ng'ambo. Garcilaso de la Vega, mwandishi mzaliwa wa Peru, alieleza mwaka 1609 kwamba Waafrika ndio waliolibuni, ili kuwatofautisha waliozaliwa Amerika na waliozaliwa Guinea, yaani pwani ya Afrika Magharibi.

Sisi tunalo neno linalolikaribia mno, nalo ni mzalia. Zama za utumwa, mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa pwani na kukua katika lugha na desturi za huko, na yule aliyefikishwa karibuni kutoka bara, pengine kwa njia hii hii ya Ujiji na Tabora, aliitwa mjinga. Huniuma kila ninapokumbuka kwamba neno tunalomtupia mtoto aliyekosea hesabu liliwahi kumtaja mtu aliyeng'olewa kwao kwa nguvu.

Kwa hiyo Krioli hapo mwanzo halikuwa jina la rangi wala la mchanganyiko wa damu. Simón Bolívar, mkombozi wa Amerika Kusini aliyezaliwa Caracas, Venezuela, mwaka 1783 katika ukoo wa asili ya Hispania, alikuwa criollo. Huko Louisiana, ambayo Ufaransa iliiuzia Marekani mwaka 1803, jina hilo liliwashika wenyeji wa tangu kabla ya mauzo hayo na vizazi vyao, weupe kwa weusi. Huko Mauritius, kinyume chake, jina hilo huwataja hasa wazao wa watumwa waliotoka Madagaska na pwani yetu ya Afrika.

Lugha ilirithi jina la wasemaji wake. Wanaisimu huita Krioli lugha iliyozuka pale watu wasioelewana walipokutanishwa, mara nyingi mashambani chini ya utumwa, na watoto wao wakaifanya lugha mama. Krioli ya Haiti, ambayo katiba ya mwaka 1987 iliifanya lugha rasmi pamoja na Kifaransa, husema mwen te manje, ou te manje, nou te manje: maneno yametoka katika Kifaransa, lakini kitenzi hakibadiliki. Sisi husema nilikula, ulikula, tulikula, na nafsi imo ndani ya kitenzi, kama ilivyo katika Kiha na Kinyamwezi. Hata neno la Kiarabu kitabu tumelitia katika ngeli yetu likawa vitabu.

Kaka yako, basi, yu sahihi kuhusu mchanganyiko wa watu wa Ujiji, lakini mchanganyiko wa wasemaji peke yake hauzai Krioli. Kiswahili kilipofika ziwani pamoja na misafara katika karne ya 19 kilikuwa tayari lugha kamili ya Kibantu, iliyokuwa na tungo zake zilizoandikwa pwani kwa herufi za Kiarabu.