STI au Evo: Shika Gia Kwanza, Boneti Baadaye

Ukienda kuangalia Subaru STI au Mitsubishi Evo inayouzwa, mwenye gari atakimbilia kukufungulia boneti. Atakuonyesha turbo, atakuonyesha intakula (kipoza hewa ya turbo), kisha atapiga resi ili usikie mlio. Mwache amalize. Halafu mwombe azime injini, wewe ukae kwenye kiti cha dereva na kushika gia. Nimemiliki magari haya yote mawili, moja baada ya jingine, na pesa zilizoniuma zaidi zilikwenda kwenye klachi na giaboksi. Injini hazikunisumbua hata robo ya hapo.

Ninayoyazungumzia ni Impreza WRX STI ya umbo la GDB, lililotoka Japani mwaka 2000 likiwa na gia sita, na Lancer Evolution VII ya mwaka 2001, yenye gia tano. Yote yana injini ya lita mbili yenye turbo, yote yanavuta kwa magurudumu manne, na yote yaliandikwa nguvu farasi 280 huko kwao, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya hapo. Kwenye karatasi magari haya ni sawa. Mkononi hayakaribiani.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kubishana kuhusu magari haya kwa moyo. Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally mwaka 1996 na Lancer. Mwaka uliofuata Colin McRae akaichukua na Impreza. Richard Burns alishinda mwaka 1998 na Mitsubishi, kisha akarudi mwaka 2000 akiwa upande wa Subaru na kushinda tena. Mwaka 2001 Mäkinen akairudisha kwa Mitsubishi. Mtoto aliyekua akila vumbi la magari yale kando ya barabara hawezi kuwa wa katikati. Lakini giaboksi za magari yale ya mashindano hazikuwa hizi tunazouziwa, kwa hiyo ubishi wa Safari usikuchagulie gari.

Tofauti kubwa iko mahali ambapo wanunuzi wengi hawapaangalii. Injini ya Subaru imekaa kwa urefu wa gari, giaboksi iko nyuma yake moja kwa moja, na kijiti cha gia kiko juu ya giaboksi. Kinachounganisha mkono wako na meno yale ni fimbo ya chuma. Ndiyo maana gia ya STI ni nzito, ina mtetemo kidogo, na ikiingia unaisikia mpaka kwenye kiwiko, kama komeo la lango la chuma. Injini ya Evo imekaa kwa upana na giaboksi iko ubavuni mwake, mbali na mkono wako. Kijiti kinaongea na giaboksi kupitia kebo mbili: moja inachagua safu ya gia, nyingine inaisukuma iingie. Ungedhani kebo zingeifanya legevu, lakini Evo yangu ilikuwa na gia nyepesi, fupi, yenye haraka, ambayo sijawahi kuishika kwenye gari jingine. Kutoka ya pili kwenda ya tatu mkono ulifika kabla sijamaliza kuwaza.

Yote mawili huchakaa, ila kila moja kwa njia yake. Kwenye STI, bushi za ile fimbo zikiisha, kijiti kinacheza hata gia ikiwa ndani, na ukikanyaga na kuachia mafuta unakiona kikienda mbele na nyuma pamoja na injini. Kwenye Evo, bushi za ncha za kebo zikiisha, gia inakuwa kama kukoroga uji: hujui ya tatu iko wapi na ya tano iko wapi. Hizi ni kazi ndogo na bushi si ghali. Muuzaji akikuambia "hizi gari ndivyo zilivyo", usikubali. Sivyo zilivyo.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa ndipo maisha ya kila siku yanaamuliwa. Gia ya kwanza ya STI ya gia sita ni 3.636. Maana yake, kwenye gia ya kwanza shafti inayotoka kwenye injini inazunguka zaidi ya mara tatu na nusu ili ile ya kutokea izunguke mara moja. Gia ya kwanza ya Evo ni ndefu zaidi, yaani injini inazunguka mara chache zaidi na inapata msaada mdogo wa kuliondoa gari. Nairobi iko juu sana, hewa ni nyepesi, na injini ya lita mbili kabla turbo haijaamka inakuwa dhaifu kuliko ilivyo kule Mombasa. Kwenye mlima, katikati ya msongamano, ukiwa na abiria watatu, STI inaondoka kwa utulivu. Evo inataka uipe mafuta na uishikilie kwenye klachi nusu. Klachi nusu kila asubuhi, siku tano kwa wiki, ni pesa inayoungua, na utaisikia harufu yake.

Kuna kitu watu hawakuambii kuhusu gia sita. Evo VIII ya toleo la GSR ilipotoka mwaka 2003 iliwekewa giaboksi ya gia sita, na wengi huiona kuwa bora kwa sababu tu sita ni zaidi ya tano. Rafiki yangu aliniachia Evo IX yake ya gia sita kwa wiki nzima. Nilipofika barabara kuu ya Naivasha nikaweka ya sita, nikitarajia injini ishuke na kutulia. Haikushuka. Mshale wa mizunguko ulikuwa karibu palepale ambapo gari langu lingekuwa kwenye ya tano. Gia ya sita ya Evo haikuongeza urefu wa kutosha. Walichofanya ni kuzisogeza gia karibukaribu ili injini isitoke kwenye nguvu zake. Kwa mtu wa mashindano hiyo ni faida. Kwa mtu wa safari ndefu ni kubadilisha gia mara nyingi zaidi bila kupata kimya. Na wanaoongeza nguvu kwenye injini za Evo wengi huitafuta ile ya gia tano, kwa kuwa inavumilia zaidi.

Kwa Subaru ni kinyume chake. Ile ya gia sita ndiyo ngumu, na ile ya gia tano ya WRX, ndugu mdogo wa STI, ndiyo ya kuchunga. Hili nilijifunza kabla sijanunua STI. Nilikuwa na WRX ya gia tano, nikaongeza presha ya turbo bila kuwaza nguvu hiyo itapitia wapi. Nikazoea kuondoka kwa kishindo, mizunguko juu, klachi naiachia ghafla. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili likifanyiwa hivyo, tairi huteleza na kishindo hupotea barabarani. Magurudumu manne yakishika lami kwa pamoja hakuna kinachoteleza, kwa hiyo kitu cha ndani lazima kilipe. Mimi nililipia meno ya gia ya tatu, kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na kosa lilikuwa langu lote.

Kwa sababu hiyo hiyo, angalia unauziwa nini. Kuna WRX nyingi zilizobandikwa nembo ya STI na bawa kubwa la nyuma. Shika gia. Kwenye STI ya gia sita kuna pete chini ya kichwa cha gia. Unaivuta juu ndipo ya kurudi nyuma iingie, nayo iko kushoto, kando ya gia ya kwanza. Kwenye Subaru ya gia tano ya kurudi nyuma iko kulia chini, mkabala na ya tano. Sekunde kumi zinatosha, na bei inaweza kubadilika sana.

Kagua gari alfajiri. Gusa boneti kabla hujasalimiana sana. Ikiwa ya moto, jua limewashwa kabla hujafika, nawe uombe kurudi siku nyingine. Giaboksi iliyochoka hujificha ikishapata joto. Nilinunua Evo yangu Limuru, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na baridi ya kule unaijua. Anza mwendo, fika kilomita ishirini kwa saa, weka ya pili taratibu. Ikikwaruza, sinkro yake, yaani pete inayolinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, inakwisha. Kisha panda hadi ya tatu na urudi ya pili, kwa sababu kushuka ndiko kunakofichua zaidi kuliko kupanda. Kwenye kila gia kanyaga mafuta, halafu achia ghafla: gia ikiruka yenyewe na kutoka, ondoka hapo, hata kama bei ni ya kutupwa. Ukiwa kwenye ya nne, kilomita hamsini kwa saa, kanyaga mpaka mwisho. Mizunguko ikipanda huku mwendo haupandi, klachi imeisha. Mwisho simama, gia ikiwa huru. Mvumo unaosikika ukiwa umeachia pedali na kupotea ukiikanyaga ni beringi ya ndani ya giaboksi. Ule unaoanza ukikanyaga ni beringi ya klachi.

Kuhusu oili nitasema kidogo, lakini usiruke. Giaboksi ya Subaru na difu ya mbele zinatumia oili moja, kwa sababu zimo ndani ya jumba moja la chuma. Ile ya gia sita inachukua takribani lita 4.1. Evo ina oili ya giaboksi na oili ya transfa (kisanduku kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), kila moja na yake. Kuna gereji ambako kijana alinimiminia oili nzito ya difu kwenye giaboksi ya Evo, na asubuhi iliyofuata gia ya pili ikakataa kabisa kuingia. Tuliimwaga yote, tukaweka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ikarudi kama zamani. Simama pale pale oili inapobadilishwa, na usome chupa mwenyewe.

Evo X sitaizungumzia sana. Ya mkono ina gia tano, na kuna ile ya SST yenye klachi mbili inayojibadilisha. SST ni ya haraka, lakini ina oili yake na filta yake na inataka fundi anayeijua kwa jina. Kama unanunua gari hili kwa ajili ya raha ya mkono, umeshajibu swali. Kumbuka pia kwamba Evo haitengenezwi tena, na sheria ya Kenya inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane imeshaifungia mlango wa bandarini. Utakayoipata ni ya hapahapa, iliyopitia mikono kadhaa, na kila mkono uliacha alama yake kwenye giaboksi.

Basi ukiniuliza ununue ipi, nitakuuliza kwanza kama una gari jingine la kwenda kazini. Kama huna, chukua STI ya gia sita. Inavumilia makosa, inaondoka vizuri mlimani, na siku utakayotaka kuongeza nguvu hutalala ukiwaza meno. Kama unalo jingine, na hili ni la Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu, tafuta Evo ya gia tano iliyotunzwa, uilipie inavyostahili. Mimi nilibaki na STI kwa sababu ya foleni. Mkono wangu wa kushoto bado unaikumbuka Evo.

Siku ile ya Limuru nilikwenda na mzee mmoja fundi kutoka Nakuru, aliyenifunza karibu yote haya. Hakugusa boneti. Alikaa, akaweka kiganja juu ya gia, akaipitisha zote tano mara mbili, kisha tukatoka barabarani. Tuliporudi nikamuuliza, "Mzee, unaonaje?"

"Giaboksi ni nzima, kijana wangu. Klachi imebaki kidogo. Mpunguzie pesa ya klachi, na hiyo pesa usiile."

Muuzaji alikataa kabisa kwamba klachi ilikuwa na shida, ila mwishowe akapunguza. Baada ya wiki sita, nikipanda kutoka Naivasha kwenye gia ya nne, mshale ulipanda peke yake. Pesa ilikuwa bado kwenye bahasha.