Mimea ya zulia inang'oka? Chunguza kokoto zako kwanza

Mkuu wa Njiro kule Arusha, pole. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Tangi la samaki la sentimita 60, mimea ya zulia (ile mifupi inayotandaa sakafuni mwa tangi) aina ya Monte Carlo vikopo vitatu vilivyokutoa jasho la pesa, umepanda mara tatu, na kila ukiamka unakuta vipande vimeelea juu kama majani ya chai. Wadau waliotangulia wamekujibu kwa sauti moja: huna hewa ukaa (CO2) ya kulisha mimea, nunua mtungi wake. Hapo natofautiana nao. Hewa ukaa inanenepesha zulia, haizuii mmea kung'oka usiku wa kwanza. Mmea uliopandwa jana hauna mzizi wa kushika chochote, uwe na mtungi au usiwe nao. Kinachoushikilia wiki mbili tatu za mwanzo ni uzito wa kokoto zilizoufunika, basi, na wewe kutoingiza mkono kila saa.

Mimi niko Moshi na kosa lako nalijua kwa sababu nililifanya kabla yako. Tangi langu la kwanza nilijifanya mjanja. Bei ya udongo maalumu wa kuagiza ilinitisha, nikasema sisi tumekaa miguuni pa volkano, udongo wa volkano wa kuagiza wa nini? Nikaenda kwa wauza mchanga wa kujengea, nikajaza nusu kiroba cha kokoto ndogo za mlimani, nikachekecha, nikaosha, nikapanda. Vipande vichache vilielea wiki ya kwanza, nikavirudisha. Siku ya kumi hivi vikaanza kupanda vingi kwa mpigo. Nikaokota kimoja nikakiweka kiganjani. Mizizi ilikuwa imeota kabisa, mieupe, myembamba kuliko uzi wa kushonea, na kila mmoja umekumbatia kijiwe cha kijivu. Nikakichomoa kijiwe kimoja nikakitupa kwenye kikombe cha maji. Kikaelea. Yaani mmea haukung'oka, ulipaa na shamba lake.

Lile ni jiwe jepesi, ndugu yake lile la kusugulia visigino bafuni. Ni povu la lava lililoganda likiwa limejaa hewa. Linachanganyika na mchanga wa huku kwetu na huko kwenu Meru pia, na likiwa limekauka kwenye kiroba huwezi kulitenga kwa macho kirahisi. Baya zaidi ni kwamba vipande vingine vinazama baada ya kunywa maji siku kadhaa, unadhani vimekuwa mawe, kumbe bado ni vyepesi kiasi kwamba samaki akipunga mkia vinahama. Zile kokoto nyeusi au nyekundu zenye vitundu ni kitu kingine. Hizo zinazama papo hapo, na mizizi inazipenda kwa sababu ya vile vitundu.

Kwa hiyo jaza ndoo, mimina kokoto, koroga kwa mkono, acha usiku kucha, asubuhi toa zote zilizoelea. Rudia mpaka juu pasiwe na kitu. Zilizobaki chota kiganja uzidondoshe kwenye jagi la kioo uziangalie. Zinazoshuka zikiyumbayumba kama unyoya, tupa hizo nazo. Mimi nusu kiroba kilipungua karibu theluthi.

Saizi nayo ina neno. Ninachotumia sasa ni punje zinazobaki juu ya neti ya dirisha lakini ndogo kuliko punje ya mchele. Kubwa zaidi ya hapo mmea unakaa kwenye nafasi kati ya mawe, haujabanwa na chochote. Mchanga laini kama unga nao unagandamana na mizizi inakosa pumzi. Kina weka sentimita nne mbele, nyuma ukitaka ongeza mpaka sita. Kwa tangi lako la 60 kwa 30, sentimita nne ni kama lita saba na kitu, si mzigo wa kutisha.

Ukitaka kuweka udongo chini ya kokoto, sawa, sentimita moja inatosha. Ila usichote chini ya mibuni. Mashamba ya kahawa ya huku yamenyunyiziwa dawa za shaba miaka na miaka, na shaba inakaa udongoni haiendi popote. Kamba wadogo na konokono hawaiwezi. Na udongo wenye samadi usiuguse, utageuza tangi kuwa supu.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyekuuliza: mimea yako inaelea saa ngapi? Umeandika "nikiamka". Hilo limenipa jibu nusu. Mimea inayoelea mchana wa saa nane au tisa, taa ikiwa imewaka muda mrefu, inanyanyuliwa na viputo vya oksijeni vilivyojishika kwenye majani. Inayokutwa asubuhi imeng'olewa gizani na mtu. Na wewe umesema una samaki aina ya gapi na koridora wanne. Gapi waache, hawana kosa. Koridora wanatia pua mchangani wakitafuta chakula, na giza linawanogea. Hamishia hao kwenye beseni lenye pampu ya hewa kwa mwezi mmoja. Halafu usiku wa manane washa tochi ya simu ghafla uangalie kioo cha mbele. Ukiona konokono wembamba wenye ganda refu lililochongoka kama koni ya aiskrimu, hao mchana wanajichimbia, usiku wanatoka, na kila wanapopita mchanga unafumuka. Huna haja ya kuwaua. Punguza chakula cha samaki, wenyewe watapungua.

Kupanda kwenyewe. Usipande tangi likiwa limejaa. Najua wanaofanya hivyo, wana mikono ya daktari wa macho. Mimi nilipanda hivyo na kibano cha nyusi, mkono umezama mpaka kiwiko, nikipanda kimoja nang'oa viwili. Toa maji yote mpaka kokoto ziwe mbichi tu, maji yakionekana usawa wa kokoto lakini hayatuami juu. Toa mmea kwenye kikopo, ondoa ile pamba ya chini yote kabisa (kibaki kidogo, kitavimba na kukusukumia mmea juu), ugawe vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, kila kimoja na vishina vitatu vinne. Kibano kiwe kirefu, cha ncha nyembamba. Shika kwenye mizizi, ingiza kwa kuinamisha, si wima, zamisha mpaka yabaki majani ya juu tu. Ukiachia, tikisa ncha kidogo ndipo uitoe, ili kokoto zirudi kufunga shimo. Ukimaliza kipande unapaswa kukihurumia, unaona umekizika. Hapo ndipo pazuri. Acha sentimita mbili, panda kingine. Vikopo vyako vitatu ni kazi ya saa mbili na mgongo utauma. Chupa ya kunyunyizia ya saluni iwe pembeni, majani yasikauke.

Kujaza maji ndiko kunakovuruga kazi ya wengi. Mimi naweka sahani ya udongo, juu yake mfuko wa plastiki uliotandazwa, ndoo naipandisha juu ya stuli, maji yanateremka kwa kijimpira chembamba kile cha pampu ya hewa. Inachukua zaidi ya saa nzima. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama nimemtundikia samaki dripu.

Lakini kama ungekuwa jirani yangu ningekwambia usijaze kabisa kwa sasa. Umeshapoteza mara tatu, ya nne ianzie pakavu. Hamisha samaki, panda vilevile, kisha funika tangi kwa nailoni ya jikoni, washa taa saa kumi kwa siku, nyunyiza maji kokoto zikianza kukauka, fungua kila siku dakika chache ukungu usiote. Monte Carlo inakubali kuishi hewani, na hewani hewa ukaa ni ya bure. Umeme ukikatika hakuna kinachokufa, filta haipo na samaki hawapo. Mimi nilikaa wiki sita. Kipimo changu ni kuvuta kishina kimoja taratibu kwa vidole. Kikija, ngoja. Kikigoma na kokoto zikatikisika, jaza. Baada ya kujaza baadhi ya majani yataoza kwa kuwa yaliota hewani. Usihamaki, mizizi iko pale pale na majani ya majini yatakuja. Taa shusha iwe saa sita au saba mwanzoni, la sivyo mwani utakuwahi.

Na likishashika, likate. Nilichelewa mara moja kwa sababu ya tamaa. Lilikuwa limefika unene wa vidole vitatu, kila mgeni anapiga picha. Jumapili moja nikaona katikati limevimba kama chapati juu ya kikaango. Jumatatu upande mmoja mzima ulikuwa juu ya maji. Nikaligeuza. Chini palikuwa peusi, vishina vimeoza kwa kukosa mwanga, harufu ya yai viza, na hewa iliyonaswa humo ndiyo iliyolibeba. Sasa likifika sentimita tatu naingiza mkasi, nalirudisha kwenye moja na nusu, na vipandikizi navitoa vyote kwa kichujio kabla havijaziba filta.

Kuhusu maji yako: mengi ya miteremko ya Meru yana floraidi na magadi mengi lakini kalisi kidogo. Monte Carlo inavumilia. Majani mapya yakitoka yamejikunja, weka jasi nusu kijiko cha chai kwa tangi zima uone.

Na kama mfuko umechoka, kuna njia ya kienyeji. Kwenye majaruba ya mpunga kama ya Mabogini huku Moshi kuna kimmea cha majani manne kama maua madogo ya kijani, Marsilea. Kinatambaa na kinashika kokoto kwa nguvu kuliko Monte Carlo, ingawa kinakwenda pole pole, mwezi wa kwanza utadhani kimekufa. Vaa mabuti, kwenye majaruba kuna kichocho, na kimmea chenyewe kioshe na ukitenge wiki mbili kwenye beseni kabla ya kukiingiza ndani.

Ila anza na ndoo. Mimina kokoto zako leo usiku, kesho asubuhi piga picha ya kilichoelea uiweke hapa, tukione.