Land Rover iliyolala miaka 11: anza na chesisi

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu Land Rover Series III ya petroli aliyokuachia marehemu babu yako, iliyolala chini ya mwembe miaka 11: uanze kuihangaikia injini, au uipige rangi kwanza ili ipate sura? Nakujibu kwa niliyoyapitia na yangu, ile ndefu iitwayo 109, ambayo baba aliinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge huku kwetu Tanga. Usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Tandika mkeka, ingia chini ya gari na nyundo ndogo, uigonge chesisi yote, yaani ile fremu ya chini inayobeba gari zima.

Mimi sikugonga. Nilipeleka gari kwa wapiga rangi, likarudi kijani linang'aa, majirani wakawa wanakuja kulitazama. Miezi minne baadaye, njia ya Pangani kwenye makorongo, nikasikia mlio mzito nyuma kushoto. Pale springi ya nyuma inaposhikwa, chesisi ilikuwa imefumuka kama mkate uliolowa chai. Kulifikia tatizo ikabidi sehemu yote ya nyuma ya bodi ifunguliwe, na rangi ile mpya ikaungua kwa cheche za kuchomelea. Rangi nililipia mara mbili, na roho iliniuma kwa sababu zile zilikuwa pesa za baba.

Kinachowapoteza watu ni bodi. Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi zikatengenezwa kwa aluminiamu, na Series III zilizotoka 1971 hadi 1985 ziliendelea hivyo hivyo. Aluminiamu haishiki kutu, basi mtu akiiona imenyooka anaamini gari ni zima. Lakini chesisi ni chuma, tena imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope na maji vikiingia humo, kutu inakula kutoka ndani kuja nje, na siku unapoiona kwa macho kazi imeshaharibika.

Chuma kizima ukikigonga kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na nyundo inabonyea. Kaa zaidi kwenye ule mhimili wa mwisho nyuma kabisa unaoshika ndoano ya kuvutia, kwenye mashikio ya springi zote, na kwenye mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Kisha rudi juu, ondoa mipira ya sakafuni utazame pale dereva anapoweka miguu na nguzo zinazobeba bawaba za milango. Ule ukuta wa mbele unaotenga injini na dereva nao ni chuma, na maji hupenda kutuama pale. Kila panapobonyea piga alama ya chaki. Usihesabu pesa yoyote ya matengenezo kabla hujaziona alama zote kwa pamoja.

Kama gari limekaa pwani, angalia pia kila mahali aluminiamu inapokutana na chuma. Utakuta unga mweupe. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi zinafanya kazi kama betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Mimi kila nilipofunga upya nilipaka rangi pande zote mbili, halafu nikaweka kipande cha tyubu ya baiskeli katikati. Mpaka leo sijauona tena ule unga.

Kwenye kuchomelea, kata mpaka ufike kwenye chuma safi. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu hakina maisha. Nilitumia bati la milimita 2, si lile jembamba la milango. Kabla ya kukata, pima mshazari kutoka kona hadi kona, kulia na kushoto, uandike ukutani kwa mkaa, maana chesisi ikishapinda gari litatembea upande maisha yake yote. Chomoa betri na waya za alternata. Tanki la petroli kwa kawaida liko chini ya kiti: litoe kabisa, ulipeleke mbali na banda, usiridhike kwamba ni tupu. Na vyuma vilivyopakwa zinki usivichomelee ukiwa umejifungia ndani, moshi wake ni sumu.

Sitaki usome haya halafu uumie, kwa hiyo nalisema na hili: usiingie chini ya gari lililokaa juu ya jeki peke yake, wala juu ya tofali za saruji. Tofali halitoi onyo, linapasuka mara moja. Tumia stendi za chuma au magogo mapana ya mbao ngumu.

Spana tafuta za inchi. Ile ya milimita 13 inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, lakini inacheza kidogo, na uchezaji huo mdogo ndio unaovua kona za bolti iliyoshika kutu.

Injini yenyewe ni ngumu, usiihofie. Toa plagi, mimina oili kidogo kila silinda, subiri siku kadhaa, halafu izungushe taratibu kwa hendeli ya mbele. Usithubutu kupiga stata kabla haijazunguka kwa mkono. Ikiwaka lakini ikatetema ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, na kutoa moshi mweusi, na kabureta (inayochanganya petroli na hewa) ni ya Zenith, fungua mfuniko wake uuweke juu ya kioo. Mara nyingi unakuwa umepinda. Niliusugua wangu juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi ukanyooka, nikabadilisha na mipira yake, moshi ukakatika. Breki usizibahatishe: mipira yote ya silinda za magurudumu manne na ya masta silinda itupe, hata ile inayoonekana nzima.

Kama yupo mzee aliyewahi kuliendesha gari hilo, mwite siku utakayoliwasha. Mimi langu nililiwasha tena baada ya Jumamosi za matengenezo za karibu miaka mitatu, baba akiwa kwenye kiti mlangoni pa banda. Alisikiliza dakika moja tu, akasema, "Mwanangu, tapeti ya nyuma huko imelegea." Nilifungua kifuniko cha valvu nikapima mwanya wa tapeti zote nane, zile zinazosukuma valvu. Saba zilikuwa sawa kwenye milimita 0.25, na ya nane, karibu kabisa na ukuta, ilikuwa imeachia.