Kanuni ya dola 30,000 na daftari letu la Darajani

Assalamu alaykum. Kijana wetu wa Wete ameeleza kwamba ana duka la kutengeneza simu na anataka likue liwe kampuni, lakini kila akisoma habari za matajiri wa teknolojia anakuta ni watu wa Marekani ambao mazingira yao hayafanani na ya Pemba, na sasa anauliza ajifunze kwa nani. Nimo katika kazi hii tangu mwaka 2001, nilipoanza na meza ya vocha za kukwangua pale Darajani, na jibu langu ni Mo Ibrahim, Mnubi wa Sudan aliyezaliwa mwaka 1946.

Wengi humkumbuka kwa bei aliyouzia kampuni yake ya simu za mkononi, Celtel, mwaka 2005, kiasi cha dola bilioni 3.4, kwa kampuni ya simu ya Kuwait. Bei hiyo haitamsaidia kijana wetu. Kitakachomsaidia ni kuangalia jinsi mtu huyu alivyofika pale. Alisomea uhandisi wa umeme Alexandria, akafanya kazi katika shirika la simu la Sudan, akaenda Uingereza mwaka 1974 na kupata shahada ya udaktari Birmingham katika mawasiliano ya simu za mkononi, wakati simu zenyewe watu wa kawaida hawajaziona. Baadaye akawa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, kampuni iliyohusiana na British Telecom, na mwaka 1989 akaacha kazi ili aanzishe MSI, kampuni ya kuwasanifia wengine mitandao yao. Alikuwa na umri wa miaka 43 hivi. Celtel ilizaliwa mwaka 1998, baada ya yeye kuona kwamba makampuni makubwa aliyokuwa akiyashauri hayataki kuja Afrika kwa kuiogopa.

Huku Afrika alikuta minara haina umeme wa kutegemea, ikabidi mingi iwekewe jenereta zake. Sisi tunaoishi Unguja hatuhitaji kusimuliwa jambo hilo. Mwaka 2008 waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika tulikaa kizani takriban mwezi mzima, na mwisho wa mwaka 2009 tukarudi kizani tena kwa kiasi cha miezi mitatu. Duka langu liliishi kwa jenereta ndogo ya petroli na foleni ya watu waliokuja kuchaji simu.

Hata hivyo umeme hununuliwa. Lililo gumu zaidi ni rushwa, na hapo ndipo Mo Ibrahim alipofanya jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko minara yote. Aliweka kanuni kwamba malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 hayatoki mpaka bodi nzima iyaidhinishe. Tuizingatie vizuri kanuni hii, kwa sababu mtu akiisoma haraka ataiona ni utaratibu wa kihasibu tu. Anayeomba hongo humtafuta mtu mmoja, humvuta pembeni na kumnong'oneza. Mbele ya bodi yenye watu kadhaa, wengine wakiwa mbali kabisa, hana wa kumnong'oneza. Meneja aliyeko peke yake katika nchi ngeni naye hapewi mtihani wa kuwa shujaa kila siku, kwani anaweza kusema kwa ukweli kwamba fedha hizo hana mamlaka nazo. Zaidi ya hayo, kanuni ilimfunga mwenye kampuni pia, na bila ya hilo isingekuwa na uzito wowote.

Nayasema haya kwa sababu yalitufika. Mwaka 2006 tulikuwa watatu katika biashara: mimi, binamu yangu na shemegi yangu. Tulipata kazi ya kufunga kompyuta na kuvuta nyaya za intaneti katika ofisi moja, tukaimaliza, kisha hati yetu ya malipo ikalala. Mtu mmoja akamwambia binamu yangu kwamba karatasi hizo zinahitaji kusukumwa. Akachukua shilingi laki nne kwenye sanduku bila ya kutwambia, na wiki ile ile tukalipwa. Kazi ya pili ikaja, na safari hii kilichotakiwa kilikuwa maradufu. Akatoa tena. Tulipofunga hesabu kabla ya Ramadhani tukaona fedha haitoshi, na sehemu kubwa ya mtaji ule ilikuwa ya shemegi yangu, imetokana na karafuu za marehemu baba yake. Alidhani tumemuibia. Dada yangu alikaa miezi mitatu hakanyagi nyumbani kwangu, na binamu yangu, ambaye hakujitilia hata shilingi moja mfukoni, alishindwa kueleza mbele ya wazee fedha zimekwenda wapi, maana hakuwa na risiti na hakuweza kumtaja aliyezipokea.

Tulipopatanishwa, mmoja wetu alikuwa amesoma habari za kanuni ya Celtel, nasi tukaiandika ya kwetu katika daftari gumu: fedha yoyote inayozidi shilingi 50,000 haitoki bila ya saini mbili na risiti. Sitamficha kijana wetu hasara yake. Zipo ofisi zilizotuacha moja kwa moja, na mwaka wa kwanza tulipungukiwa sana. Lakini tangu siku hiyo hatujagombana juu ya fedha hata mara moja, na anayekuja kutuomba chai huonyeshwa daftari.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba Mo Ibrahim alimaanisha. Mwaka 2006 alianzisha taasisi yake, ambayo hutoa tuzo ya dola milioni 5 kwa kiongozi wa Afrika aliyechaguliwa kidemokrasia, akaongoza vizuri na kuondoka madarakani kwa mujibu wa katiba. Joaquim Chissano wa Msumbiji aliipata mwaka 2007. Mwaka 2009 haikupatiwa mshindi, na miaka mingine kadhaa imepita vivyo hivyo. Wapo waliolaumu, lakini mimi naona heshima yote ya tuzo ile imo katika miaka hiyo mitupu. Nasi wa Pemba tuna sababu yetu ya kuijali, kwani Dkt. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa kisiwani kwetu, alikuwa katika bodi ya taasisi hiyo na akapata kuiongoza kamati ya tuzo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujamwajiri mtu wa pili, nunua daftari na uandike kiwango chako, na kiwe kidogo kiasi cha kukubana wewe mwenyewe. Wa kwanza kubanwa na kiwango chetu nilikuwa mimi. Nilitaka shilingi 70,000 za kununulia kioo cha simu ya mteja aliyekuwa amesimama mbele yangu, na shemegi yangu yumo melini anakwenda Pemba, simu yake haipatikani. Nilisubiri mpaka aliposhuka bandari ya Mkoani. Mteja alikuwa ameshakwenda kwa fundi mwengine.