Ziwa Turkana: mbali na nani?

Maswali yamejaa na nusu yake ni lile lile moja limebadilishwa nguo, sasa leo nimechagua machache na mengine nimeyaacha makusudi. Kwa wale mnaouliza kila wiki kama Ziwa Turkana ndo lile Ziwa Rudolf la vitabu vya zamani: ndio, ni hilo hilo, jina lilibadilishwa 1975, tuendelee.

Loiyangalani iko kaunti ya Turkana, sivyo? (Msomaji, Thika)

Sivyo. Iko Marsabit. Ziwa lina ng'ambo mbili jamani, magharibi Turkana na mashariki Marsabit, na ncha ya kaskazini inagusa Ethiopia. Angalia ramani kabla ya kubishana na watu.

Mbona unapenda kulalamika kuhusu hilo jina la Rudolf, si ni jina tu?

Jina tu, haya. Machi 1888 wasafiri wa Kizungu, Count Teleki na mwenzake von Höhnel, wamefika hapo na msafara wao wamechoka hoi, wakakuta maji ambayo watu wanavua humo na kunywesha mifugo tangu enzi na enzi, wakaamua linaitwa Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Huyo Rudolf hakuwahi kuliona, na Januari mwaka uliofuata akajiua kwao huko. Yaani tumebeba jina la mtu ambaye hata hakufika, karibu miaka 90! Na usiniambie hawakujua lina jina, manake Höhnel mwenyewe aliandika kwamba wenyeji wanaliita Basso Narok. Waturkana nao wana lao, Anam Ka'alakol. Aliambiwa, akaandika, alafu akaweka la kwake. Hio tabia ya kufika mahali na kujifanya hakuna mwenyewe haikuisha na Teleki, na ndo kitu kinachoniudhi katika nusu ya meseji zenu.

Ni kweli Leakey ndiye alimpata yule Turkana Boy?

Timu ilikuwa ya Richard Leakey na Alan Walker, lakini aliyeona kile kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe pale Nariokotome, 1984, ni Kamoya Kimeu. Mifupa ya mtoto aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita, karibu mwili mzima. Na lile fuvu maarufu lenye namba 1470 la Koobi Fora, la mwaka 1972, liliokotwa na Bernard Ngeneo. Mkiandika insha za watoto andikeni na hayo majina, hayana gharama.

Kenyatta alifungwa kwenye kisiwa cha ziwa?

Hapana! Kisiwa mmetoa wapi? Lokitaung, alafu 1959 akahamishiwa Lodwar. Zote ni nchi kavu.

Maji yake yanakunyweka?

Wapo wanaoyakunywa kwa kukosa mengine, na ukiangalia meno yao yale ya rangi ya kahawia utaelewa shida iko wapi. Ni floraidi. Mito inaingia, hakuna hata mmoja unaotoka, jua linakausha zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka na chumvi yote inabaki pale pale. Ndo maana ni ziwa kubwa kuliko yote duniani kwenye jangwa, na bado watu kando yake wanatembea na mitungi kutafuta maji. Wewe mgeni beba ya kwako, na usimalize ya wenyeji.

Mwaka jana mlisema linakauka, sasa naambiwa linameza vijiji. Mtuambie ukweli ni upi. (Msomaji, Nakuru)

Yote mawili, na ungesoma polepole ungeona hatukujipinga. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanatoka mto Omo, Ethiopia. Turkwel na Kerio ni ya msimu, inakuja ikijisikia. Kwa hivo mvua ikinyesha sana milima ya Ethiopia, ziwa linapanda hata kama Lodwar hakujanyesha tone, na hivi miaka ya karibuni limepanda mpaka Komote, kijiji cha Waelmolo, kikatengwa na maji. Mvua ikipungua kule, linashuka vibaya. Waulize wazee wa Kalokol. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kulijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa pesa za Norway, kwa sababu Ghuba ya Ferguson ilikuwa imejaa tilapia, alafu ghuba ikakauka na kiwanda kikabaki jengo. Waliopanga waliangalia miaka michache minono wakadhani ndo hali ya siku zote, na huyo mzee wa kukaa pale aliyejua ghuba huja na huenda sidhani kama kuna mtu alimpa kiti.

Sasa juu ya hayo weka bwawa la Gibe III kwenye huo mto Omo, lililozinduliwa Desemba 2016, na mashamba makubwa ya miwa chini yake. Bwawa la umeme halinywi maji yote, sawa, lakini linanyoosha mafuriko ya Omo ambayo samaki walikuwa wanayasubiri ndo wazae, na hayo mashamba yanakunywa kweli. UNESCO wakaziweka mbuga za hilo ziwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2018. Kwa hivo ukiona picha ya nyumba zimezama usiseme "kumbe walitudanganya". Bomba liko mkononi mwa mwingine, leo amefungua, kesho hujui.

Kwa nini hao watu wasihame tu waje kwenye maendeleo, huko ni mbali na hakuna kitu?

Hili limekuja mara tatu na leo nalijibu mara ya mwisho. Mbali na nani? Mkoloni aliifunga Turkana na kaskazini yote kwa sheria, huingii hutoki bila kibali. Baada ya uhuru ikaja ile Sessional Paper namba 10 ya 1965, waraka wa sera wa serikali, ikasema pesa ziende penye faida ya haraka, na hapakuwa huko. Ndo mpaka leo utasikia mtu wa kaskazini akipanda gari kwenda kusini anasema "naenda Kenya". Lakini upepo ulipoonekana una pesa, mitambo 365 ya umeme wa upepo, jumla megawati 310, ilifika karibu na Loiyangalani, na laini ya umeme ya kilomita zaidi ya 400 ikavutwa mpaka Suswa. Hapo umbali ulienda wapi? Na hio ardhi tupu mnayoisema ilikuwa malisho ya watu, ndo maana kesi ilifika kortini.

Nataka kwenda Desemba na familia, nipite wapi?

Kama unataka upande wa magharibi, Kitale mpaka Lodwar ni kama kilomita 300, alafu kama 60 hivi mpaka Kalokol. Upande wa Loiyangalani uliza njia kwanza kwa mtu aliyepita wiki hio hio, sio kwa simu yako. Usiogelee, mamba wako, na usidanganywe na maji kuwa ya kijani na kutulia. Upepo wa huko unashuka ghafla na maboti yamepinduka na watu wazima wanaojua kuogelea. Na ukiwakuta wavuvi wamevuta maboti mchangani wamekaa, usiwaongezee pesa wakuvushe.