Kuwahoji wasanii wa Mtwara na Lindi kuhusu anime na mashujaa: anza na kazi ya mikono yao

Mleta mada, umeuliza kwa nini wachoraji na wachongaji unaowahoji huku kusini wanakujibu "napenda tu" ukigusa anime (katuni za Kijapani), magemu na mashujaa wa komiki, na ufanyeje ili wafunguke. Mimi narekodi mazungumzo na watu wa sanaa, Mtwara mjini na Lindi, kisha naziweka sauti mtandaoni. Nitasema niliyoyaona huku. Wa Dar mtakuwa na yenu.

Mkuu, kinachowafunga midomo ni swali lenyewe. "Shujaa gani unamkubali zaidi?" ni swali la shabiki kwa shabiki, na msanii akilisikia anajua anapimwa: ameangalia season ngapi, majina anayajua yote? Wengi wameziona muvi hizo kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video mtaani, sauti ya DJ anayetafsiri ikiwa imepanda juu ya maneno ya wahusika. Wengine walianzia sehemu ya tano ndipo wakaja kuiona ya pili, maana flashi ilifika hivyo. Nani anataka kuonekana mshamba huku anarekodiwa?

Mimi naanza na kazi. Kuna mzee mchonga vinyago, asili yake Newala, siku hizi yuko Mtwara mjini. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya lijitu la anime, pembe ndefu, macho mengine yameota shingoni. Sikumwambia limetoka wapi. Nikamuuliza tu, "Mzee, hili kwa mpingo unalitoaje?"

Aliweka tezo chini, akaishika simu kwa vidole viwili maana mikono ilijaa vumbi, akaitazama mpaka kioo kikazima. Akasema pembe zile hazitoki. Nyuzi za mti zinakwenda wima na pembe zimelala, ukigonga patasi mara moja zimekatika. Yeye angezikunja zirudi nyuma zishikane na kichwa. Kwenye macho ndipo alipochangamka. Mpingo mweusi ni moyo wake tu, lile tabaka la nje chini ya gome ni jeupe lenye umanjano kidogo, kwa hiyo angepanga gogo ili macho ya shingoni yaangukie kwenye huo weupe. Kisha, bila kuulizwa, "Huyu namjua, wajukuu wanamwangalia usiku. Wajapani nao kumbe wana mashetani yao."

Hapo ndipo mahojiano yalipoanza. Akaingia kwenye vinyago vya shetani, mtindo ulioshika kasi kwa wachongaji wa Kimakonde miaka ya 1950, pale mtu alipoacha kuchonga sura ya binadamu kamili akaanza kutoa viumbe vya jicho moja, vya mdomo tumboni. Akaeleza wanunuzi walivyovipenda, na ilivyokuwa kila mchongaji anatafuta la ajabu kumshinda mwenzake. Ushabiki mtupu, na neno hilo hakuna aliyelitaja.

Tahadhari kuhusu mapiko, ile ngoma ya barakoa ya Wamakonde. Najua vijana wa mtandaoni wanapenda kusema "mapiko ndiyo cosplay yetu". Usimpelekee mzee wa Kimakonde sentensi hiyo. Anayevaa mavazi ya shujaa kwenye tamasha anataka umtambue na upige naye picha. Mchezaji wa mapiko anafunikwa mwili mzima ili asijulikane, na mambo hayo yamefungamana na jando. Usiulize nani alikuwa ndani. Kwenye ufundi lakini unaruhusiwa kuuliza sana. Barakoa ile inavaliwa kama kofia, inachongwa kwa mti mwepesi, haichongwi kwa mpingo, na mchezaji huona kupitia mdomo wake. Niliyasimulia haya kwa kijana mmoja hapa mjini anayetengeneza helmeti za mashujaa kwa vipande vya godoro na gundi ya viatu. Alikuwa anahangaika, macho ya helmeti hayalingani na macho yake. Akaniangalia, akaichukua helmeti akaanza kukata mdomo. Nilipata mazungumzo matamu kuliko yote niliyowahi kurekodi, na nusu yake ni kuhusu jasho na kupumua.

Lindi nako kuna utajiri wa aina yake. Watoto wa Lindi wanajua dinosaria wa sinema za Kimarekani, ila wengi hawajaambiwa kwamba mifupa ya dinosaria mrefu kwenda juu kuliko wote waliosimamishwa kwenye makumbusho duniani, zaidi ya mita 13, ilitoka Tendaguru, mkoani kwao. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilishuka hadi bandari ya Lindi, zimebebwa vichwani na mabegani mwa watu wa huku, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji. Mnyama mwenyewe amesimama Berlin tangu 1937. Nilimuuliza dada mmoja mchoraji, anayeishi kwa kuchora mabango ya maduka na shule, angeichora vipi hadithi hiyo kwa mtindo wa komiki. Nilitegemea aanze na dinosaria. Akachora wapagazi, msururu mrefu, na mbele yao Boheti bin Amrani, mwenyeji aliyewasimamia wachimbaji. Dinosaria alimweka kama kivuli tu juu ya ukurasa. Akasema, "Kaka, mijusi yao tumeshaiona sana." Kwangu mimi kile ndicho kipande kinachohitaji kuchapwa, na sijui wenye hela wanangoja nini.

Suala la hela litakuja tu, jiandae. Wanaochapa fulana zenye sura za mashujaa wa watu wananyamaza ukiuliza hakimiliki, na wana sababu. Sheria yetu ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo mashujaa wa anime wanaochapwa siku hizi karibu wote hawako huru. Swali hilo mimi naliuliza kinasa kikiwa kimezimwa.

Mengine madogo. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, usimtafute mtu mwenye shamba, utasubiri mpaka uchoke. Karakana ya vinyago ina kelele za msasa na tupa, kaa upande wa upepo na simu uiweke karibu na kifua chake. Nunua kitu, hata kama ni kidogo. Na akikosea jina la mhusika muache nalo, watakaosikiliza watalisahihisha wenyewe kwenye maoni, tena kwa fujo.

Yule dada wa Lindi nitamuuliza kwanza kama yuko tayari kuhojiwa na mtu mwingine. Akikubali nakuunganisha inboksi.