Kanisa la Mkunazini na soko la watumwa
Je, Kanisa la Mkunazini, Zanzibar, lilianza kujengwa soko la watumwa likiwa bado linaendelea? Hapana, soko lilikuwa limeshafungwa. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Ibada ya kwanza ikasaliwa Krismasi 1877, ujenzi haujaisha. Msimamizi alikuwa Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, na kaburi lake liko nyuma ya altare. Kuta ni za mawe ya matumbawe, paa lake ni la upinde mmoja mrefu, kazi ya kijasiri kwa wakati ule. Nguzo fupi zilizosimama kichwa chini zipo kweli, nenda ukazione. Ila kwamba mafundi walizigeuza Steere akiwa safarini, hayo ni masimulizi ya waongoza watalii.